Mabukwe, Gati Lako Tumelihamisha

Mabukwe,

Shikamoo, mama mkwe wangu. Naanza na salamu kwa sababu hukupenda mtu aingie na habari kabla ya kusalimia, hata kama amekuja kusema nyumba inaungua. Nimetoka misa, nimevua viatu, nimekaa barazani kwenye kigoda chako, karatasi iko juu ya paja. Mwandiko wangu unaujua, ni wa darasa la saba, lakini unasomeka. Mwalimu wetu kule Ntobeye aliwahi kuuinua mbele ya darasa zima wenzangu wautazame. Hilo nimekwambia mara nyingi, nawe ulikuwa unanijibu mimi mkamwana wako, "Haya mukazana, sasa kanda udongo."

Habari za huku ni nzuri, ila moja ilitaka kutushinda, na ndiyo iliyonifanya nikuandikie.

Nianze na mjukuu wako Deo. Siku tuliyokuzika alikuwa bado anavusha watu kwa mtumbwi wa kuazima, wa makasia. Sasa ana boti yake mwenyewe. Ni ya mbao, ameipaka rangi ya kijani, ina injini, inabeba pikipiki na mikungu ya ndizi na watu juu yake, na bado inakata maji ya Ruvubu kama inakwenda harusini. Sisemi kwa sababu ni mwanangu. Muulize yeyote hapa Kanazi. Mke wa mwalimu alipopatwa na uchungu akiwa ng'ambo, mvua inanyesha, wengine wote walisema mto umechafuka wasubiri. Deo akaenda. Mtoto alizaliwa salama huku kwetu, wakampa jina la Deo. Kwa hiyo tuna Deo wawili, na wa pili ana mashavu, ungempenda.

Basi, boti ikahitaji mahali pa kutia nanga. Wewe ulijua ukingo wetu ulivyo. Mafunjo yamesongamana kila upande, na uwazi uko mahali pamoja tu, pale penye mchanga, ulipokuwa ukishuka kiangazi kutafuta magamba ya kome ya kukwangulia vyungu. Abiria walikuwa wanakanyaga maji hadi magotini, akina mama wanashika viatu mkononi na mtoto mgongoni. Deo akaona haifai. Alikata mikaratusi, akaisimika mtoni, akajaza viroba vya udongo katikati ili isitikisike, juu akapigilia mbao. Gati zuri, Mabukwe. Mtu anashuka na pikipiki yake bila kulowa tairi.

Na unajua alilifanyia nini? Alichukua ubao wa mninga uliobaki kwenye kitanda chako, akachoma herufi kwa chuma cha moto, akaupigilia kwenye nguzo ya mbele: BIBI. Watu wakishuka wanasema, "Tumefika kwa Bibi." Mimi siku ile nilivaa kitenge kipya nikaenda kusimama pale kama bibi harusi. Kila aliyepita nilimwambia, umeona mwanangu alivyomheshimu bibi yake? Wapo wajukuu wanaojenga kaburi la vigae halafu hawaonekani tena. Wangu amekujengea mahali pa watu kufikia.

Nilijisifu sana. Unanijua.

Hakuna kati yetu aliyefikiria kome. Hilo ndilo linanishangaza hadi leo. Mimi niliyeshikwa mkono na wewe pale pale, nikiwa mgeni wa mto, bibi harusi wa kutoka mlimani Ntobeye ambaye hajawahi kuona mnyama anayekaa ndani ya magamba mawili na kujizika mchangani kama anaficha haya. Ulinivua viatu. Ukaniambia, "Usikanyage kama unakwenda shamba." Mmoja wetu anaangalia kiboko, mwingine anapapasa kwa vidole vya miguu, polepole, mpaka kidole kikutane na kitu kigumu, kinachoteleza, chenye ubaridi wake. Nikainua wa kwanza nikapiga kelele za furaha. Ukamtazama ukasema, "Huyu amefunga mlango, mwache." Nikamrudisha. Tulikuwa tunachukua magamba ya waliokwisha kufa tu, yaliyo wazi, meupe kwa ndani kama maziwa yanayotaka kuwa bluu. Na gamba moja lilitosha kukwangua vyungu vya misimu na misimu, hadi makali yake yaliwe yabaki kama ukucha.

Na maji ya pale, unakumbuka? Wanawake wa juu kabisa walikuwa wanapita visima viwili kuja kuchota kwetu. Tulikuwa tunasema ni mchanga unaosafisha. Nitakwambia baadaye ni nani aliyekuwa anasafisha.

Deo alipojenga, na wengine wakaona. Kagoma, yule mwenye mtumbwi mpana, anayeongea kama anauza mbuzi, akasema hawezi kushushia abiria wake kwenye gati lenye jina la bibi wa mtu. Akajenga lake hatua chache juu. Vijana wawili wa ng'ambo wakajenga la tatu chini. Kila mmoja na nguzo zake, kila mmoja na viroba vyake vya udongo. Ukisimama kilimani unaona kama mto umeota meno. Nilisema moyoni, mwanangu ndiye aliyewafundisha wote hawa.

Kiangazi kikaja, maji yakashuka. Tukateremka na vikapu, mimi na Mama Zaituni. Bado ni yule yule, bado ananitania kwamba vyungu vyangu vina shingo ndefu kwa sababu mwenyewe napenda kuchungulia. Nikavua viatu. Nikaingia kati ya gati la Deo na la Kagoma, mguu ukazama kwenye tope hadi katikati ya muundi. Nikautoa, nikajaribu hatua nyingine. Tope. Mabukwe, mchanga haukuwepo. Viroba vilikuwa vimepasuka vikamwaga udongo, na nguzo zilikuwa zimeyafanya maji yatulie, kila uchafu unaoshuka na mto ukaona pa kupumzika. Nikapapasa kwa mkono. Nikatoa kome amefunguka, ndani amejaa tope badala ya nyama, ananuka. Mwingine hivyo hivyo. Mwingine.

Mama Zaituni alikuwa amesimama ukingoni na kikapu kichwani. Hakucheka. Alitazama ule ubao wenye jina lako juu ya nguzo, akasema polepole, "Jirani, mkweo amejengewa kaburi la pili."

Nilinawa miguu, nikachukua kikapu changu. Tulipanda nyumbani na vikapu vitupu.

Sikumwambia Deo. Ningemwambia nini? Kijana amefanya kazi ya heshima kwa mapenzi, jina la bibi yake liko pale kila mtu analisoma. Nilikuwa nampelekea uji gatini, naketi, natazama watu wanashuka wakavu na watoto wao, nasema moyoni hili nalo ni jema. Na ni jema kweli. Halafu natazama chini, maji yana rangi ya chai ya maziwa, nakukumbuka wewe. Nikawa nabeba vitu viwili kichwani, na hakuna hata kimoja ninachoweza kukitua.

Kisha akaja dada mmoja wa idara ya uvuvi kutoka wilayani, kijana, mpole, shikamoo zake kamili. Alikuja kwa sababu ya magati, maana hakuna aliyeomba ruhusa. Akavua viatu vyake akaingia topeni mwenyewe, nikampenda hapo hapo. Mkutano wa kijiji ukaitwa. Yeye ndiye aliyetuambia kwamba kome mmoja anakunywa maji machafu mchana kutwa na kuyatoa masafi, kwamba pale kwetu palikuwa na kome wengi kuliko sehemu nyingine alizozipita, na kwamba wanakua polepole sana, wakifa leo mjukuu ndiye atakayewaona tena. Wanawake waliochota maji pale wakatazamana. Nilijisikia fahari na huzuni pamoja. Fahari kwa sababu hao kome ni wako.

Kagoma akasimama. "Sasa tuwavushe watu au tuwavushe konokono?" Watu wakacheka. Lakini hakusema upuuzi wote. Akauliza, mgonjwa wa ng'ambo apite wapi? Mahindi yapite wapi? Mke wa mwalimu alikuwepo, na Deo mdogo mapajani, hakuna aliyeweza kumjibu vibaya. Mwenyekiti akajaribu hivi na vile. Wengine wakasema yang'olewe yote, wengine wakasema yaachwe yote, kila mwenye gati anasema la kwake halina kosa, lenye kosa ni la jirani. Dada wa uvuvi akasema kule chini penye mwamba hakuna mchanga wala kome, maji yana kina, gati linaweza kukaa. Wenye boti wakaguna. Pale penye mwamba panatosha gati moja tu. Nani atakubali foleni na mwenzake?

Mabukwe, mimi nikasimama. Sikuwa nimepanga. Nikawaambia, nyie wanaume mnatushinda kwa kelele tu. Sisi wafinyanzi tuko wengi, na kila mmoja anaamini vyungu vyake ndivyo vizuri, mimi nikiwa na sababu zaidi ya kuamini hivyo. Hapo Mama Zaituni akakohoa. Nikaendelea. Lakini mmewahi kuona kila mfinyanzi na moto wake? Kuni zingetuishia. Tunapanga vyungu vyote pamoja, changu juu ya cha jirani, cha jirani juu ya changu, tunafunika nyasi, tunawasha moto mmoja. Asubuhi kila mtu anajua chake, kwa alama yake ya ukucha pale chini. Hakuna aliyewahi kupigana. Basi na nyie jengeni gati moja penye mwamba, kila mtu na nguzo yake yenye alama yake, mfunge boti zenu kwa zamu.

Mwenyekiti akasema ni maneno mazuri, lakini ni nani atakayeanza kung'oa lake?

Nilitazama umati, nikamwona Deo nyuma, mrefu kuliko wote, na ulimi wangu, ule ule uliokuwa ukiusema siku zote, ukatangulia. Nikasema, "Ataanza Deo wangu. Huyo hajawahi kuwa wa pili kwa jambo jema."

Watu wakapiga makofi. Deo akatazama viatu vyake.

Jioni hakupita kunywa chai. Na kesho yake hakupita. Alikuwa anavusha watu kama kawaida, ananipungia mkono kwa mbali kama mtu anayempungia mteja. Stella, mkewe, alikuja na mkungu wa ndizi, akaketi hapa nilipoketi sasa, akamenya kwanza, ndipo akasema kwa upole wake, "Mama, ungemwambia kwanza nyumbani." Nikamwambia najua. Akasema, "Ana mawazo juu ya ule ubao." Nikamwambia na mimi pia.

Mwishowe alikuja mwenyewe. Alisimama pale mlangoni, hakuketi. "Mama, lile jina nililichoma kwa mkono wangu. Ulitaka nikalitoe mbele ya watu kama mwizi?"

Nilikuwa nimeandaa maneno mengi mazuri. Niliyaacha yote. Nikamwambia avue viatu twende mtoni.

Tulishuka. Jua lilikuwa halijawa kali, mto umetulia, hakuna kiboko. Nikamshika kiwiko kama ulivyokuwa ukimshika wewe alipokuwa mdogo, ingawa sasa kiwiko chake kiko usawa wa bega langu. Nikamwingiza chini ya gati lake mwenyewe. Mguu ukazama. Akautoa, akauweka pengine, ukazama. Akainama, akapapasa, akatoa gamba lenye tope, akalisuuza, akalitazama mbele na nyuma. Akaliweka mfukoni.

Kisha akasema, "Alikuwa ananiambia huyu amefunga mlango."

Nikasema ndiyo.

Akatazama juu, mbao zilivyoziba mwanga, na jina lako likiwa upande wa pili tusikoliona. Akasema, "Bibi asingeweza kusimama hapa." Ni hayo tu. Nilimwachia kiwiko.

Alfajiri nikasikia nyundo. Nilipofika alikuwa ameshatoa mbao za juu, na ubao wako ameuweka mchangani, uso juu, mbali na matope. Mama Zaituni alishafika kabla yangu, na kikapu. Dada wa uvuvi alikuwa ametuonya tusing'oe ovyo, tope lisije likateremka kuwafunika kome waliobaki. Kwanza udongo utolewe wakati maji bado yako chini. Basi tukautoa. Wafinyanzi wote walikuja, Mabukwe, na vikapu vile vile vya kubebea udongo wa vyungu. Vijana wa ng'ambo wakaja na boti yao, wakang'oa lao baadaye. Kagoma alikuja wa mwisho, analalamika kuanzia juu ya kilima hadi majini, lakini alikuja, na ana mgongo wa kazi. Alipokuwa anachomoa nguzo yake, nikamsikia anamwuliza Stella kama kome anauma.

Nguzo ya mwisho ilipotoka, maji yalianza kukimbia pale tena. Kwa sauti ndogo. Nilikuwa nimeisahau ile sauti.

Sikudanganyi, kome hawajarudi. Nilipapasa ukingo mzima. Upande wa juu, karibu na mafunjo, nilikuta wachache wazima. Mmoja mkubwa, mzee, amefunga kabisa. Nilimrudisha nikamfunika kwa mchanga kwa mkono wangu. Dada wa uvuvi anasema labda hao watatosha kuanza, labda hawatatosha. Tumekubaliana hakuna boti itakayofungwa pale, wala viroba, wala kuosha pikipiki, na wanawake ndio wanaopaangalia, maana sisi tupo pale kila siku na ndoo.

Gati jipya limesimama penye mwamba. Nguzo za mikaratusi, mawe badala ya viroba, na kila nguzo ina alama. Ya Deo ni ukucha mmoja uliopinda, ile alama yako ya chini ya vyungu. Mimi sikumwambia aichonge. Foleni ipo, kelele zipo, Kagoma anasema zamu yake huwa fupi kuliko za wengine. Wakazi wa juu wanatembea zaidi kidogo kufika, nao wanalalamika, lakini wanafika wakavu.

Kuhusu ubao wako. Deo alitaka kuupigilia kule. Kagoma akasema sawa, basi na yeye ataandika bibi yake, na vijana wa ng'ambo wana mabibi wanne kati yao. Tukacheka mpaka Deo naye akacheka, cheko lake la kwanza tangu mkutano. Akauleta huku. Alisema, "Mama, ukae nao wewe." Akaketi, akanywa chai, akaomba na ya pili.

Nilifikiri niutundike ukutani. Kisha nikaona ukutani utaota utandabui tu, na wewe hukupenda kitu kikae bila kazi. Basi ndio ninaokandia udongo. Ninapopiga kitako cha chungu juu yake, zile herufi zilizochomwa zinaingia, na chungu kinatoka na jina lako chini, limegeuka, wanunuzi wanadhani ni mapambo. Pale chini sikwangui. Juzi Stella alipeleka mzigo Rulenge sokoni na vyote vimekwisha, hata kile chenye ufa, ingawa mimi huwa sipati ufa, ule ulikuwa wa Mama Zaituni. Kwa hiyo uko majikoni kwa watu sasa, Mabukwe, umekaa motoni na maharage yanachemka juu yako. Naona ni pazuri kuliko nguzoni.

Stella ni mjamzito. Deo hajamwambia mtu, lakini mimi nina macho. Mtoto akiwa wa kike nitamwomba Stella nimzoeze mikono tangu mapema, awe mfinyanzi, awe hodari, na bila shaka atakuwa hodari, anajua anakotoka.

Sasa nikuage, maana wali uko jikoni na Deo anapita leo. Pumzika, mama yangu. Nisalimie mume wangu kama mko karibu, mwambie mwanawe ni boti yenye injini, aelewe mwenyewe.

Na ahadi yangu ni hii. Sitachukua gamba lolote pale mtoni, wala la aliyefunga, wala la aliye wazi, mpaka nimshike mtoto wa Deo kiwiko, nimvue viatu, nimwingize majini, na yeye mwenyewe kwa kidole chake cha mguu aniambie, Bibi, hapa kuna kitu. Kama sitafika, Stella nimeshamwelekeza. Kwa sasa ninakwangua kwa lile gamba lako uliloniachia. Limeliwa sana, ukilishika juani unaona kivuli cha kidole upande wa pili. Nalishika taratibu. Linatosha.

Mukazana wako,
Mama Deo